Kabla hujanunua mafuta mengine ya nywele, nionyeshe chumvi yako

(Haya niliyaongea kwenye kikao cha kikundi chetu cha akina mama hapa Iringa. Wengi waliniomba niyaandike wakawasomee dada zao, basi nimeyaandika kama nilivyoyaongea, makosa yangu yote yapo humo humo.)

Kamwene jamani. Huko nyuma mbona kimya, kamwene! Haya sasa. Mwenyekiti kaniita mtaalamu hapo, naomba nirekebishe mapema kabla hamjanidai cheti, mimi ni msusi. Miaka 19 nashika vichwa vya watu. Udaktari sijasoma, nilichosoma ni vichwa, na kile kilichonifundisha kwa machozi ni changu mwenyewe. Dada yetu afisa lishe yule pale kakaa na kiboksi chake, kazi ya kile kiboksi mtaiona mwishoni, na kwenye meseji niliwaambia kila mtu aje na chumvi ya nyumbani kwake kwenye karatasi. Mmekuja nayo? Aliyesahau asikimbilie dukani saa hizi, tutamjua.

Naanza na beseni. Mteja akiinamisha kichwa kwenye beseni, maji yakipita, msusi anaona vitu ambavyo hata mume wa huyo mtu hajaviona. Kuna nywele zinazoondoka pembeni, hapa kwenye paji la uso na juu ya masikio, ngozi imebaki inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa, hiyo mara nyingi ni kazi yetu sisi wasusi, rasta zimevutwa mpaka mtu macho yanakuwa ya Kichina, wigi la gundi, dawa ya nywele kila mwezi. Halafu kuna zile zinazoondoka kila mahali kidogo kidogo. Hakuna upara, hakuna sehemu ya kuonyesha kidole, ila ukizishika kwa mkono mmoja unahisi zile za mwaka jana zilikuwa zinajaza ngumi na sasa hivi zinazunguka vidole viwili tu. Ukivuta taratibu zinakuja na mizizi yake, kale kapunje keupe. Na ukimwangalia usoni nyusi zimeanza kupotea huku mwishoni, upande wa masikioni. Huyo mimi siku hizi simuuzii mafuta. Namuuliza, dada unasikia baridi sana? Choo unapata vizuri? Hedhi je? Wengine wanashangaa msusi gani huyu anauliza habari za choo.

Nauliza kwa sababu yalinikuta. 2016 nywele zangu mwenyewe zilianza kuziba sinki la saluni. Nikavaa sweta mpaka jua la Oktoba, nikanenepa na wakati nilikuwa sili, nalala saa 2 usiku naamka nimechoka kama niliyekuwa nalima. Wateja wakaanza kunong'ona, maana msusi mwenye kichwa chepesi ni kama muuza maandazi ambaye maandazi yake hayali mwenyewe. Nikanunua kila kitu jamani. Mafuta ya nyonyo, mafuta ya mchele, chupa moja ya elfu 35 ambayo aliyeniuzia alikuwa na kipara, sijui akili yangu ilikuwa wapi. Nikapaka maji ya kitunguu wiki tatu, nywele hazikuota ila wateja walihama, saluni nzima inanuka kachumbari. Nilienda zahanati moja nikaambiwa ni mawazo, nipumzike. Nikapumzika. Zikaendelea kupukutika nikiwa nimepumzika.

Kumbe shida ilikuwa hapa. Wekeni mkono shingoni, chini ya koo, mbele kabisa. Hapo pana tezi ina umbo la kipepeo, inaitwa thairoidi. Inatengeneza homoni ambayo ndiyo inaamua mwili uende kasi gani, moyo, tumbo, joto, ngozi, mpaka shina la unywele. Na nywele haziishi zote kwa pamoja, kila mmoja una zamu yake, unakua miaka kadhaa, halafu unapumzika kama miezi mitatu, halafu unadondoka mwingine unaingia. Kudondosha nywele 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida kabisa, msipige kelele. Ila homoni ikipungua, au ikizidi, nywele nyingi zinaingia mapumziko kwa mpigo, kama wafanyakazi wote wa kiwanda kuomba likizo wiki moja. Miezi miwili mitatu baadaye ndio unaziona kwenye mto. Ndio maana mtu anasema "nimebadilisha shampuu juzi zikaanza kukatika", wakati chanzo ni cha miezi mitatu nyuma huko.

Na nimesema ikipungua au ikizidi, hapo msinipite. Iliyozidi nayo inapukutisha nywele, ila huyo anakonda, anatoka jasho, moyo unakimbia, mikono inatetemeka. Vichwa vyao viwili ukiviweka kwenye beseni vinafanana kabisa, magonjwa yao ni kinyume. Sasa ukienda kuchukua dawa ya jirani yako eti na wewe nywele zinakatika, unaweza kuwa unamwagia mafuta ya taa kwenye moto.

Tuongee rovu, ule uvimbe wa shingoni. Sisi watu wa nyanda za juu rovu hatuhitaji kuambiwa. Bibi yangu kule Kilolo alikuwa nalo, anafunga kitambaa shingoni, na mimi utotoni nilidhani kila bibi akizeeka shingo inaota hivyo, kama mvi. Sababu yake ni upungufu wa madini joto, yaani ayodini. Tezi bila madini joto haiwezi kutengeneza homoni, ni kama kupika ugali huna unga, basi inajitutumua, inavimba ikijaribu kukamata hata kile kidogo kinachopita. Na milima yetu hii mvua imeosha udongo miaka na miaka, madini joto yamekwenda na maji, kwa hiyo mahindi yake, mboga zake, hata maziwa ya ng'ombe aliyekula majani yake, vyote vina upungufu. Wa umri wangu mnakumbuka miaka ya 80 mwishoni tulivyopangwa mstari shuleni tukamezeshwa vile vidonge vyenye mafuta ndani? Yalikuwa hayo hayo, mafuta yenye madini joto. Halafu miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuweka madini joto kwenye chumvi, na angalieni watoto wetu leo, rovu la kama lile la bibi wangapi mmeliona mtaani? Hii kwangu ndio tiba ya asili iliyofanya kazi kuliko zote zilizowahi kuingia nchi hii na hakuna mtu anaitangaza Instagram kwa sababu haina faida, ni chumvi.

Lakini tunaiharibu. Mtu anaona chumvi ya mawe sokoni, ya bei rahisi, imetoka moja kwa moja kwenye mabwawa ya pwani, anasema hii ni ya bahari, ya asili, si lazima itakuwa na madini joto? Haina, au ina kidogo sana, bahari ikikauka chumvi inabaki madini joto mengi hayabaki. Yanawekwa kiwandani. Hata Pemba, watu wanaokula samaki kila siku, watafiti walikuta upungufu, na kisa ni chumvi isiyowekwa kitu. Halafu na ile iliyowekwa tunaiacha kwenye bakuli wazi jikoni juu ya moshi, inalowana, tunaianika juani ikauke. Madini joto yanaondoka. Kopo lenye mfuniko, mbali na jiko, na chumvi itie mboga ikikaribia kuiva, usianze nayo kwenye maji ya kuchemka. Gharama yake sifuri.

Na isiwe sasa mtu anatoka hapa anaenda kula chumvi kwa kijiko, presha itawaua nywele zikiwa nzuri. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250, mboga zenye chumvi ya madini joto kwa kiasi cha kawaida zinatosha. Hapa ndipo nasikia hasira na hawa wanaouza unga wa mwani, vijiko vitatu kwa siku "unatibu thairoidi". Mwani si mbaya, wenzetu wa Paje na Jambiani kule Zanzibar wanaulima wanasomesha watoto. Ila kiasi cha madini joto kwenye mwani kinapishana sana, kuna aina ukila kidogo tu umeshapitiliza, na tezi ikimwagiwa madini joto mengi kwa ghafla inaweza kuzima au kuwaka zaidi. Mwenye thairoidi iliyozidi ndio kabisa asiguse bila kuuliza.

Mihogo nayo wananiuliza sana, nitapita haraka. Mihogo michungu isiyolowekwa vizuri ina sumu ambayo mwili ukiibadilisha inazuia tezi kukamata madini joto. Kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, Kongo, watafiti walishangaa kukuta upande mmoja wa kisiwa una marovu mengi kuliko mwingine na upungufu wa madini joto ni ule ule, wakaja kugundua ni mihogo. Kwa hiyo loweka, anika, pika kisawasawa, na kula na chumvi nzuri. Kabichi mnayotishwa nayo, kula tu ikiwa imepikwa, hakuna mtu anayekula shamba zima.

Sasa kwangu mimi chumvi haikutosha, na hili ndilo nililowaitia. Upungufu wa madini joto ni sababu moja. Kuna nyingine ambapo kinga ya mwili inaishambulia tezi yenyewe, Mjapani mmoja anaitwa Hakaru Hashimoto aliielezea mwaka 1912 na ugonjwa unabeba jina lake. Tezi ikishaliwa hivyo unaweza kunywa kila kitu, hakuna wa kuipikia homoni. Daktari aliyenipima alinieleza kile kipimo cha damu cha TSH, homoni inayotoka kichwani kuiamsha tezi, hivi, ubongo unamgongea mlango tezi, tezi asipofungua ubongo unagonga kwa nguvu zaidi. TSH ikiwa juu maana yake mlango unagongwa sana na ndani kimya. Yangu ilikuwa inagongwa mpaka majirani wanasikia.

Nikamwambia daktari mimi sitaki kemikali, nataka cha asili. Akacheka. Akaniambia mwaka 1891 Uingereza daktari anaitwa George Murray alikamua tezi za kondoo akamchoma nazo sindano mama mmoja aliyekuwa anakufa polepole kwa ugonjwa kama wangu, na yule mama akaishi miaka 28 zaidi. Akasema, hiki kidonge cha levothairoksini ndicho kile kile, homoni ile ile inayotengenezwa shingoni mwako, tofauti wamekupunguzia kuchinja kondoo. Sasa niambieni, cha asili ni kipi, kitunguu au homoni ya shingo yangu? Nikameza. Na kidonge chenyewe kina adabu zake. Asubuhi tumbo tupu, maji matupu, usubiri nusu saa mpaka saa nzima ndipo chai. Mimi nilikuwa nakimezea na chai ya maziwa miezi miwili, na vidonge vya kuongeza damu nikavimeza hapo hapo kama sherehe, kumbe maziwa na madini chuma vinakishikilia kisiingie. Vya damu vikae mbali naye, saa nne mbele.

Na ngoja niwape siri ambayo ilinichelewesha. Kabla sijaenda kwa huyo daktari nilikuwa nakunywa baiotini, vile vidonge vya nywele na kucha, mikrogramu elfu 10, wakati mwili unahitaji kama 30 tu kwa siku. Kipimo cha kwanza kikasema niko sawa. Nikaambiwa nenda nyumbani. Kumbe baiotini nyingi kwenye damu inazichanganya baadhi ya mashine za kupimia, TSH inasoma chini kuliko ukweli. Kwa hiyo ile dawa ya nywele ndiyo iliyoficha ugonjwa wa nywele, mnaona mambo hayo? Ukienda kupima thairoidi acha baiotini angalau siku mbili kabla, na umwambie mpimaji ulikuwa unakunywa. Wengi hawaulizi, useme mwenyewe.

Haya mnataka mafuta, nawaona mnaangaliana. Mafuta ya nazi yana faida ya kweli, yanaingia kwenye unywele yanapunguza kukatika, kwa hiyo hizo chache ulizobaki nazo hazivunjiki. Paka usiku, osha asubuhi. Nyonyo inalainisha, basi, nzito mno kwa nywele nyepesi, ukiivuta na kichana unang'oa. Rozimari ilijaribiwa kwa wanaume wenye vipara vya kurithi, huo ni ugonjwa mwingine jamani. Kitunguu nishawaambia. Habasoda, najua hapa kuna watu wa pwani watanipiga nikiikosea heshima, Iran walifanya jaribio dogo watu 40 wenye Hashimoto, gramu 2 za unga kwa siku, wiki 8, TSH ikashuka kidogo. Inatia moyo. Lakini walikuwa 40, na nywele hawakuzihesabu, na waliokuwa kwenye vidonge waliendelea navyo. Ukitaka kuinywa mwambie daktari wako, usiache kidonge kwa ajili yake. Anayekuambia "acha dawa za hospitali, kunywa yangu mimi" mkimbieni.

Kitu ninachokiona kwa mikono yangu kinaleta tofauti ni chakula, hasa damu. Mwanamke mwenye thairoidi iliyopungua hedhi inakuwa nzito, anapoteza damu, madini chuma yanaisha, kwa hiyo nywele zinapigwa huku na huku. Unaweza kurekebisha homoni nywele zikakataa kurudi kwa sababu akiba ya chuma iko sakafuni, muombe daktari aipime. Halafu kula. Maini mara moja kwa wiki kama si mjamzito. Dagaa, siyo wale watatu wa kuonjea, kikombe kizima. Maharage na mchicha ukakamulie ndimu juu, ndimu inafungua njia chuma iingie. Na chai, ile chai ya rangi mnayokunywa na chakula, inafunga njia hiyo hiyo, isogeze saa moja mbele. Mayai na samaki, hata hawa wa Mtera, wana protini na seleniamu ambayo tezi inaitumia kufanyia kazi. Nywele ni protini, huwezi kula ugali na kabichi wiki nzima halafu unauliza mbona hazinenepi.

Na kichwa kipumzishe. Nasema hivi nikijipunguzia hela. Kama zinapukutika, mwaka huo hakuna rasta nzito, hakuna wigi la gundi, hakuna dawa. Mabutu manne makubwa, legelege, au nyoa. Mimi nilinyoa. Nilikaa saluni na kichwa kifupi nikawa nasema ni fashen.

Muda sasa. Nilipoanza vidonge zilizidi kudondoka kwanza, wiki ya sita nilitaka kuvitupa chooni. Zile zilikuwa za zamani, zilishaomba likizo kabla. Damu yangu ilipimwa tena baada ya wiki sita, dozi ikapandishwa, ikapimwa tena. Mwezi wa nne wa vidonge, siku moja najipaka mafuta mbele ya kioo, nikaona hapa juu ya paji vinywele vidogo vimesimama kama vya mtoto aliyetoka kunyolewa, laini, vinakataa kulala. Nililia jamani, mteja akadhani nimefiwa. Unywele unakwenda kama sentimita moja kwa mwezi, na zetu pengine chini ya hapo, kwa hiyo kichwa kujaa ilichukua zaidi ya mwaka. Kama unataka kujua zinarudi au la, usihesabu za kwenye kichana kila asubuhi utachanganyikiwa, piga picha utosini kila tarehe 1, dirisha lile lile, mwanga ule ule.

Wenye uvimbe shingoni unaokua, sauti imekuwa nzito, kumeza shida, au mjamzito mwenye dalili hizi, huyo kesho asubuhi hospitali, hana la kusubiri kwangu.

Basi, afisa lishe njoo na kiboksi. Leteni karatasi zenu hapa mezani, kila moja na jina. Anadondosha tone moja tu, ikiwa na madini joto inageuka bluu, kadiri inavyokolea ndivyo yalivyo mengi, isipokuwa nayo inabaki nyeupe. Ya mama ntilie wa pale stendi... bluu, angalieni hiyo, kama wino! Mpigieni makofi. Ya mwenyekiti, bluu ya kuzimia zimia, mwenyekiti kopo lako halina mfuniko, usibishe. Hii... hii imebaki nyeupe kabisa. Dondosha tena. Nyeupe. Haina jina, ni ya nani hii?

Ngoja. Karatasi hii si ni ya daftari la saluni... Aa jamani. Ni ile shemeji aliniletea kutoka Lindi.